Spika Mbele ya Saluni

Yeremia alimkata mteja sikio siku ile mhubiri alipolitaja jeneza.

Mashine ilikuwa imefika nyuma ya kichwa cha mwalimu mmoja kutoka Nanganga, mara spika ya ng'ambo ya barabara ikanguruma: "Yupo kinyozi hapa stendi amemnunia Mungu kwa sababu ya jeneza la mkewe. Kinyozi, Mungu hakukufungia mlango. Umejifungia mwenyewe."

Mashine iliteleza. Mwalimu akajishika sikio, damu ikamchuruzika hadi kwenye kola. Yeremia hakumwomba hata radhi. Alichukua mkasi akavuka barabara.

Mhubiri huyo, Ladislaus, aliingia Masasi akitokea Newala baada ya msimu wa korosho. Tangu hapo kila asubuhi aliisimika spika yake ikitazama mlango wa saluni ya Yeremia. Mtu haji kwa kinyozi kwa ajili ya nywele peke yake. Anakuja na kupiga soga. Kwa kelele zile soga zikafa, na wateja wakaanza kutafuta vinyozi wengine. Yeremia alimwendea mhubiri kwa maneno mazuri, akamwendea kwa matusi, akafungulia muziki wa singeli hadi vioo vikatetemeka. Ladislaus aliongeza sauti tu.

Safari hii Yeremia aliushika waya wa spika akaukata. Stendi nzima ikageuka.

"Mke wangu usimtie mdomoni mwako," alisema. "Ukirudia, mkasi huu hautaishia kwenye waya."

"Nimekusamehe, kinyozi," Ladislaus alijibu, wala hakuonekana kukasirika. Akageukia watu, akaendelea kuhubiri kwa koo tupu lililokwisha kukwaruza.

Yeremia alirudi saluni. Mwalimu alikwisha kuondoka, nusu ya kichwa haijanyolewa.

Habari za jeneza zilikuwa za kijijini kwake Lupaso, za zamani. Rose alipofariki, wazee wa kanisa walisema yeye na Yeremia hawakufunga ndoa kanisani, kwa hiyo jeneza halitaingia ndani. Rose aliombewa nje, juani, watoto wakiwa wameshikilia mwavuli juu ya mbao. Ukoo wa Yeremia ulikuwa wa Kikristo tangu enzi za misheni, lakini tangu siku ile yeye hakukanyaga kanisani. Sasa aliwalaani watu wa Lupaso. Kuna mmoja wao, aliwaza, amekuja mjini akamwaga maneno kwa yule mwendawazimu.

Mchana Theodora alipita kama kawaida yake, kikapu mkononi, akitoka sokoni kununua tangawizi.

"Shikamoo, Baba Grace."

"Marahaba, Mama Trevor. Leo umekuta nimeharibikiwa."

Theodora alikaa kwenye benchi la wateja, akasikiliza kisa chote. Kusikiliza alikujua. Alikuwa mgeni mjini, amepanga mtaa wa Mkomaindo, mumewe akifanya kazi barabarani, na vumbi la huko, alisema, linamkausha koo. Alianza kwa kuomba maji ya kunywa pale saluni. Baadaye akawa analeta mihogo ya kuchemsha. Grace, binti wa Yeremia, alipojifungua kwa shida, Theodora ndiye aliyekesha naye wodini na kufua nguo za mtoto. Kuwa yeye ni Mkristo alilisema mara moja tu, wala hakulirudia. Wiki iliyotangulia Yeremia alimsimulia habari za Rose, zote, na Theodora alilia hadi akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Mtu wa spika hajui kukaa na mwenzake," Yeremia alisema. "Ninyi wawili mnamwabudu Mungu mmoja kweli?"

Theodora alitazama chini. "Kila mtu na karama yake, Baba Grace."

"Yake ni kufukuza watu."

"Na anayefukuzwa lazima akimbilie mahali." Alimenya muhogo akampa. "Jumamosi tunakaa wachache pale kwangu. Tunakula, tunasoma kidogo, tunaombeana. Hakuna spika. Sikulazimishi."

Yeremia aliupokea muhogo. Ng'ambo ya barabara Ladislaus alikuwa amekwisha kuunga waya, na jina la kinyozi likaanza tena kupaa hewani. Yeremia alimtazama kwa chuki mpaka macho yakamuuma. Kisha akamtazama mwanamke yule aliyemfulia mjukuu wake nguo, bila kumdai chochote.

"Nitakuja," alisema. "Siji kwa ajili ya kanisa. Nakuja kwa ajili yako."

Jumamosi alifunga saluni mapema. Alioga, akavaa shati jeupe lililokaa sandukuni tangu msiba wa Rose, akanunua mkungu mdogo wa ndizi ili asiende mikono mitupu. Njiani kuelekea Mkomaindo alishangaa kujikuta akiimba chini chini wimbo wa utoto wake wa kanisani, na hakuukatiza. Moyo ulikuwa mwepesi kama haujawahi kubeba kitu.

Alifika kabla ya wengine. Mlango ulikuwa wazi, pazia likipepea. Alishusha ndizi, akafungua kinywa kupiga hodi, na upepo ukalinyanyua pazia.

Ladislaus alikuwa amekaa kwenye mkeka, kifua wazi, akinywa chai ya tangawizi. Theodora alikuwa ameupa mlango mgongo, akipanga vikombe.

"Kesho spika uihamishie kwa fundi cherehani, Baba Trevor," alikuwa akisema. "Kinyozi ameshaiva."