Nitoe kwa Hesabu

"Sitoki," alisema Mama Marudio, akashika dawati kwa mikono miwili.

Mhadhiri wa matriksi aliweka chaki chini. Wiki iliyopita radi ilikuwa imepiga maabara, na kati ya kompyuta thelathini na moja, zilizofufuka zilikuwa kumi tu. Somo lake lilikuwa la vitendo. Wanafunzi kumi wangebaki, ishirini na mmoja wangesubiri mwaka ujao. Mama Marudio hakuwa na mwaka ujao. Alikuwa analisoma somo hilo kwa mara ya tatu, na kanuni za chuo hazikumpa ya nne.

Ndiyo maana mhadhiri alianza na yeye, ili wengine waone kwamba hana mzaha.

"Mama, nenda kapumzike. Una cherehani yako, una riziki yako. Haya waachie vijana."

"Cherehani haijawahi kunifukuza, mwalimu."

Darasa likacheka. Mhadhiri hakucheka, kwa kweli alimchukia mwanamke huyu kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Majibu yake yalikuwa sahihi, lakini aliyafikia kwa njia za panya ambazo hazimo katika kitabu chochote, hasa kile alichokiandika mhadhiri mwenyewe. Mara mbili alimwangusha kwa wino mwekundu: jibu lipo, njia haipo.

"Kama hili ni darasa la hesabu, nitoe kwa hesabu," fundi huyo wa cherehani aliendelea. "Usinitoe kwa macho."

Mhadhiri aliona shimo limejichimba lenyewe. Somo la wiki hiyo lilikuwa hilohilo: jinsi matriksi, yaani jedwali la namba, inavyopima uzito wa kila mtu katika kundi. Akagawa vikaratasi. Kila mmoja aandike namba yake, kisha namba ya mtu mmoja anayemwendea akikwama.

"Na hatuhesabu vidole hapa," alionya. "Ukiandikwa na mtu anayetegemewa na wengi, unapanda kuliko aliyeandikwa na watu wasiotegemewa na yeyote. Kumi wa juu watabaki. Hata mimi mnaruhusiwa kuniandika. Mimi ni namba moja."

Yeye hakuandika mtu, kwa kuwa hajawahi kukwama.

Walipokuwa wakiandika, macho yake yalitua kiti cha mbele, kwa Kinara. Huyo alikuwa fahari yake. Hakuwahi kuchelewa, ila siku ambazo mhadhiri mwenyewe alichelewa. Wiki mbili nyuma mhadhiri aliuliza ni nini maana ya vekta isiyogeuka, na vichwa vyote vikainama isipokuwa kimoja.

"Ni kama kuvuta kitambaa, mwalimu," Kinara alijibu. "Nyuzi nyingi zinapinda. Lakini kuna uzi unaorefuka tu, haugeuki."

Mhadhiri alilitembeza jibu hilo ofisi kwa ofisi, kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza na kwa wawili ambao hawakuwa tayari. Alijua ni matunda ya jasho lake.

Kiongozi wa darasa akasoma vikaratasi. Kinara alipata kura kumi na tano. Mhadhiri alipata mbili, akazitazama kwa muda kana kwamba nyingine zimeanguka chini ya meza. Mama Marudio alipata moja.

"Moja!" mtu wa nyuma akapiga mluzi. "Kajiandika mwenyewe huyo!"

"Asante kwa kushiriki, Mama," alisema mhadhiri. "Mlango ule pale."

Mama Marudio hakuinuka. "Ulituambia ni matriksi, mwalimu. Hukutuambia ni uchaguzi. Zidisha."

"Hakuna haja."

"Zidisha."

"Si azidishe tu," mtu akanong'ona. Mwingine akasema kwa sauti, "Zidisha, mwalimu." Mara darasa zima likawa linagonga madawati, maana wengi wao nao walikuwa karibu kutolewa nje. Mhadhiri akaona aibu ya kukataa ni kubwa kuliko kazi ya kukubali. Akaingiza namba kwenye kompyuta, projekta ikaziangaza ukutani. Akazidisha mara moja, mara tano, mara ishirini, mpaka namba zikatulia.

Kinara alikuwa wa kwanza, kama kila mtu alivyotarajia. Wa pili alikuwa Mama Marudio.

Hakuna aliyepiga mluzi. Mhadhiri alisogea karibu na ukuta, akasoma upya, akarudi nyuma.

"Mashine hizi radi imezivuruga," alisema. Akachukua chaki, akaanza upya kwa mkono, akiandika kwa nguvu hadi unga ukamjaa mikononi. Jibu lilirudi lilelile. Akamgeukia fundi, shingo imemvimba. "Umemshonea nani gauni ili akuandike?"

"Sijamshonea mtu. Niliulizwa, nikaeleza."

"Uliulizwa na nani? Nani wa kukuuliza wewe?"

"Ungezisoma njia zangu, mwalimu, ungejua kwa nini watu wanauliza. Mimi sitaji mtu."

"Basi hesabu itamtaja!" Akarudi ubaoni kwa hasira. "Kura moja haiwezi kumtoa mtu mkiani ikamleta huku juu, isipokuwa iwe imetoka kwa..."

Chaki ikasimama.

Kiti cha mbele, Kinara alikuwa tayari amesimama.

"Nimemwandika mimi, baba," alisema. "Nyumbani nikikuuliza wewe, unafoka."