Nafasi ya Kushoto kwa Msondo

"Duara lisikatike!" Kwa miezi mitatu Tunu aliwafundisha hivyo, akiifufua ngoma aliyoikuta kwenye picha moja chakavu ya kale. Leo watu mia tatu walijaa uwanjani, wameshikana mikono, wanasubiri msondo ulie.

Bi Mkasi, ambaye bibi yake aliicheza ngoma hiyo, aligoma kuingia.

"Mwanangu, mbona mmeziba nafasi?"

Tunu akaitazama picha. Kweli, kushoto kwa mpiga msondo palikuwa na upenyo wa mtu mmoja. Siku zote alidhani kuna mchezaji aliyechelewa.

"Hapo ni pa waliochukuliwa wasirudi. Hapasimami mtu."

Tunu akakimbia, akamtoa fundi cherehani aliyesimama pale. Wa kulia na wa kushoto, kama walivyofundishwa, wakashikana. Akamtoa mwingine. Wakashikana tena.

"Acheni nafasi, jamani!"

Msondo ukaimeza sauti yake. Duara likaanza kuzunguka kwa kicheko na vigelegele.

Bi Mkasi akavua kanga yake ya juu, akaitandika chini, nje ya duara, kama mtu anayemkaribisha mgeni.