Uzi Mwekundu wa Kushoto

Umewahi kumwona mtu mwenye macho mazima akiacha nusu ya chakula sahanini, kisha akilalamika kuwa kimekwisha? Ndivyo fundi cherehani alivyokuwa tangu apigwe kiharusi: ubongo wake uliusahau upande wote wa kushoto.

“Mama, leo cherehani naiuza,” mwanawe alisema, mkono tayari juu ya cherehani pale mezani. “Mkasi wenyewe huuoni!”

Mama aliinamia meza. Ukingo wa kushoto wa kitambaa cha meza alikuwa ameutia uzi mwekundu, umwongoze upande ule aliousahau. Akausaka, shingo ikigeuka taratibu kama bawaba yenye kutu, mpaka ule wekundu ukamvuta macho. Kando yake, mkasi ukajitokeza.

Akaunyakua.

“Toa mkono wako, baba. Bado nashona.”