Koili ya Tatu ya Bi Kanga

Bi Kanga alifika gereji kwa hasira, mumewe akilisukuma gari nyuma yake.

"Fundi Kakakuona, hii ni koili ya tatu kuungua. Unaniuzia vitu dhaifu."

Kakakuona, mpole wa maneno, akafungua plagi ya injini kwanza. Ncha ilikuwa imelika, pengo limepanuka.

"Koili si dhaifu, mama. Ilijikaza kila mara kusukuma umeme ili cheche iruke pengo hili la plagi, mpaka ikaungua. Wewe unabadilisha koili, plagi huigusi."

Bi Kanga akamtazama mumewe, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimwita mvivu tangu asubuhi. Mume alikuwa bado anahema kwa kujikaza kulisukuma gari.

Koili na plagi mpya zikatiwa, gari likawaka. Bi Kanga akafungua mlango wa mbele, akamwambia mumewe:

"Baba Madoa, njoo ukae karibu yangu."