Pikipiki ya Marehemu

Pikapu ilikuwa fupi kwa pikipiki aliyonunua Zuberi. Gurudumu la nyuma likabaki nje, na mlango wa nyuma wa bodi haukufungika. Bi Tunu, mama yake, akauliza kamba iko wapi.

“Kamba ya nini, mama?” dereva akasema. “Mwanao atakaa juu aishikilie.”

Mji mzima hubeba mizigo hivyo. Zuberi akapanda, akakalia pikipiki kama anayeiendesha. Mmiliki wake wa kwanza walimzika Ijumaa, na matope ya viatu vyake yalikuwa bado yameganda pale pa kukanyagia.

“Shuka, mwanangu, ukae mbele na dereva.”

“Na wewe mama. Hata haijawashwa.”

Gari likaondoka. Bi Tunu akaona lile gurudumu la nje linazunguka polepole, na hakuna aliyeligusa. Mbele kulikuwa na kilima, na gari lilishaanza kukipanda. Akakimbilia katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili kumwonyesha mwanawe ashike, ashike sana.

Zuberi akageuka nyuma, akadhani anaagwa. Akacheka, akaachia usukani, naye akampungia mama yake kwa mikono yote miwili.