Neno ACHA

Siku ile mjinga alikuwa Verlyn, na hata leo mwenyewe hakatai.

Alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la Wisconsin, uchaguzi umekaribia, na kiti hakikumkalika. Aliruka meza hadi meza katika ukumbi wa mji, ambako watu hukusanyika kila Ijumaa kula samaki, akisifia sheria zake mbili: ya kufungia simu za wanafunzi darasani, na ya kulazimisha kampuni zisikusumbue tena kwa ujumbe wa simu ukishazijibu kwa neno ACHA.

Mbele ya bibi aliyemfundisha darasa la nne, simu ikatetemeka. Ikajisogeza yenyewe mezani mpaka ikagonga bakuli la kabichi.

"Nani huyo anakusumbua, Mwalimu?" Verlyn akauliza, ukumbi mzima usikie. "Nitajie tu, nimshughulikie!"

Bibi akavaa miwani, akasoma. "'Rafiki mpenzi, bila mchango wako nimekwisha. Ni mimi, Verlyn.'"

Meza ikaangua kicheko. Verlyn akamwinamia bibi.

"Andika ACHA," akanong'ona.

"Nimeandika mpaka kidole kinauma, mwanangu. Kila nikiandika, unanishukuru kwa kukuunga mkono."

"Unajua, Mwalimu, ile sheria… sisi wagombea haitugusi."

"Nani aliwatoa humo?"

"Mimi."

Bibi akaifunika simu kwa kitambaa cha karatasi, akavuta sahani yake.

"Basi nitaandika ACHA kwenye karatasi ya kura. Hiyo huwa mnaisoma."