Ukingoni mwa Picha

Zamaradi alikuwa na hakika kwamba Bi Tausi hayumo pichani. Siku ya harusi alichungulia kidirisha cha kamera akaona ukoo tu, bibi harusi katikati. Bi Tausi, yaya aliyemlea bibi harusi, alikuwa ameamriwa asimame kando ashike viatu.

Lakini siku hiyo Zamaradi alikuwa amefunga kwenye kamera, kwa mara ya kwanza, lenzi adimu, kuukuu na yenye jicho pana. Iliona upana kuliko kidirisha. Picha ilipooshwa, Bi Tausi alikuwamo, ukingoni, viatu kifuani.

"Huyu katokea wapi?" aliuliza baba wa bibi harusi. "Si nilimwambia apishe?"

"Alipisha, mzee. Lenzi ndiyo iliyomfuata."

"Basi kata hapo."

Zamaradi akashika mkasi, akainama.

"Subhanallah," alinong'ona, akauweka mkasi mezani.

Watu wote walitazama kamera isipokuwa bibi harusi. Yeye alitazama ukingoni, akicheka kwa meno yote.

"Nikikata, mzee, mwanao atakuwa anamchekea nani?"

Mzee aliichukua picha akaisogeza dirishani, kwenye mwanga. Mkasi ulibaki mezani, umefunguka.